Mwalimu Mkuu Katika Magofu ya Wainka

Mwalimu Mkuu hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kwanza kuugonga ukuta. Alikuwa akifika mlangoni anapiga hodi, na kabla hujamkaribisha amekwishazunguka pembeni, anagonga tofali kwa vidole viwili huku ameinamisha kichwa, kama daktari anayesikiliza kifua. Akiridhika, anaingia na kusalimia. Asiporidhika, anasalimia hukohuko nje na kuomba aletewe kiti uani. Baba yangu, ambaye duka lake la vitenge pale sokoni Kasulu sasa ni langu, aliudhika naye kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Alikuwa akiniuliza ni mteja gani huyu anayemnunulia mkewe kanga akiwa amesimama juani, wakati ndani kuna feni.

Mimi nilimjua kabla hatujahamia mjini. Baba alipokuwa bado na kibanda cha nguo kule Makere, Mwalimu Mkuu ndiye aliyekuwa mkuu wa shule yetu ya msingi, na binti yake wa pekee aliketi nami dawati moja. Huyo binti nitamwita Sista, kwa kuwa ndivyo alivyokuja kuwa. Baba yake nitamwita Mwalimu Mkuu, kwa sababu hata baada ya kustaafu hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo. Mkewe alimwita hivyohivyo jikoni na kanisani, mpaka siku alipofariki.

Ugomvi wake na kuta ulitokana na kazi. Madarasa ya shule yetu aliyajenga kwa nguvu za wananchi: wazazi wakifyatua tofali na kuzichoma, mafundi wakipandisha kuta, yeye akisimama pembeni na mwavuli wake, kiangazi na masika. Ukuta mmoja ulilala chini Jumapili moja ya mvua, bila mtu ndani, na fundi akasema kosa ni la saruji. Mwalimu Mkuu hakumsamehe yule fundi wala saruji. Tangu hapo kila ukuta wa wilaya ya Kasulu ulikuwa mtuhumiwa mpaka aupime.

Na kwa sababu ya ukuta ule ndipo Wainka walipoingia darasani kwetu. Hawa watu wa kale wa Amerika ya Kusini hawakuwamo kwenye mtaala, lakini alikuwa amewasoma mahali fulani na wakampendeza mno. Aliwachora kwa mkaa ukutani nyuma ya darasa la sita: mlima, ngazi, ukuta wa mawe makubwa, na mtu mmoja anakimbia na ujumbe. Alituambia kwamba hao ni watu wa milimani wenzetu, wanalima viazi na mahindi kama sisi, na kuta zao zimesimama miaka mingi bila saruji hata kijiko. Ukichelewa namba alikuambia kwamba Mwinka asingechelewa. Ukipanga matofali vibaya alisema Mwinka akikuona atalia. Mimi mpaka namaliza shule niliamini Wainka wanaishi nyuma ya milima ya Muyama, na kwamba siku moja watashuka sokoni na viazi vyao tuwaone.

Alikuwa na mambo mengi yasiyopatana. Alitukataza Kiha shuleni kabisa, lakini akikasirika alitugombeza kwa Kiha, kile cha ndani ambacho sisi watoto wa dukani hatukukielewa, hivyo wenzetu waliokielewa ndio waliolia. Alisema bodaboda ni kifo, lakini vijana wote wa bodaboda pale stendi aliwafundisha yeye, na akipita walizima pikipiki kwa heshima. Alikuwa mkali kiasi kwamba mbwa wa jirani walimpisha njia, na harusini alikuwa wa kwanza kutoa leso. Bibi harusi akianza tu kuagana na mama yake, Mwalimu Mkuu anasingizia vumbi.

Tena alikuwa mwoga wa urefu. Hili hakulikiri. Alizaliwa mlimani, akajenga mlimani, na bado hakuweza kusimama juu ya kiti kubadilisha taa. Aliita jambo hilo kuheshimu dunia.

Sista alisomea uuguzi, akapata kazi katika kambi ya wakimbizi upande wa Kibondo. Huko alikutana na masista waliokuwa wakiendesha kliniki ya kina mama, na baada ya miaka michache akaingia shirika lao. Shirika likampeleka Peru, kwenye mji mdogo wa bondeni karibu na Cusco, kwenye kliniki nyingine ya kina mama. Baba yake alipokea habari hizi zote namna moja. Alisema, "Sawa, nimesikia," akafungua mwavuli, akaenda zake. Hakukataa, hakukubali. Watu walimpongeza kanisani, naye aliwaambia asante kwa sauti ya mtu aliyepewa pole.

Kisha siku moja Sista akanipigia simu dukani. Wakati wake wa kuweka nadhiri za daima ulikuwa umekaribia, nadhiri ambazo mtu akishaziweka harudi tena. Shirika lilikuwa tayari kuwasafirisha wazazi wake, na kwa kuwa mama hayupo, aliomba mimi nimsindikize baba, maana mimi nilishazoea viwanja vya ndege kwa kufuata mzigo China. Nikamwambia nitakwenda. 

"Miaka yote hii baba hajaniambia neno," alisema. "Nisipopata ruhusa kutoka mdomoni mwake siweki nadhiri. Nitarudi nyumbani, basi."

Nilimuuliza kama anataka kurudi. Alisema hataki hata kidogo. Alisema pale alipo ndipo penyewe, lakini hawezi kuondoka kwa baba yake kama mtu anayetoroka.

Ndivyo tulivyosafiri, mimi nikijua tunachokwenda kufanya na Mwalimu Mkuu akiwaambia watu wote wa Kasulu kwamba anakwenda kukagua kuta. Aliaga sokoni, aliaga stendi, aliaga kwa katekista, na hakuna mahali alipotaja binti. Kuanzia Kigoma hadi Dar, Addis Ababa, São Paulo na Lima, alikuwa mtulivu sana, kwa sababu alikaa kiti cha njiani na hakutazama dirishani hata mara moja. Pale Lima walimnyang'anya maharage. Alikuwa amebeba maharage ya njano ya Kasulu kwenye begi la mkononi, zawadi, na afisa wa forodha aliyamwaga kwenye pipa mbele ya macho yake. Mwalimu Mkuu alimtazama yule kijana kwa muda, kisha akaniuliza kama nadhani mama yake anajua kazi anayofanya.

Cusco iko juu sana, na pumzi pale ni ya kutafuta. Kabla ya safari alikuwa amenihurumia waziwazi. Bibi yangu mzaa baba alitoka Tanga, kwa hiyo kwake mimi ni mtu wa pwani, na alinieleza kwamba watu wa pwani wakipanda milima damu inawapanda kichwani, ila Mha wa milimani kama yeye hapati shida. Tulipotua mimi niliburuta mabegi yote mawili bila taabu. Mha alilala siku nzima akinyweshwa chai ya majani ya koka na sista aliyekuja kutupokea, akilalamika kwamba hewa ya hapa imechakachuliwa.

Huyo sista aliyetupokea alikuwa Mkongo kutoka Uvira, mcheshi, mnene kidogo, anaendesha gari mwenyewe. Binti wa Mwalimu Mkuu hakuweza kuja kwa sababu alikuwa kwenye mafungo, yaani siku za kimya na sala kabla ya nadhiri. Sista wa Uvira alituambia tupumzike Cusco, kisha atatupeleka bondeni kwenye nyumba yao. Mwalimu Mkuu akasema hakuna haraka, kwanza kuta.

Nami sitasahau siku alipougonga ule ukuta wa kwanza. Ni uchochoro mwembamba wa Cusco, mawe meusi makubwa kuliko friji, yamekatwa yakashikana, na juu yake Wahispania wakaweka jengo lao la chokaa. Alikunja mkono wa koti. Akagonga, akasikiliza, akasogea, akagonga tena. Watalii walikuwa wanapiga picha ukuta, wakaanza kumpiga yeye. Kisha akatoa tiketi yake ya ndege mfukoni na kujaribu kuipenyeza kati ya mawe mawili. Haikuingia. Akajaribu mahali pengine, haikuingia. Kiongozi wa watalii mmoja alimweleza, Sista wa Uvira akitafsiri, kwamba matetemeko yalipokuja majengo ya juu yaliporomoka na mawe ya chini yakabaki palepale.

"Nimedanganywa na mafundi wa Kasulu maisha yangu yote," alisema, na alisema kwa furaha kubwa.

Kuanzia hapo tukawa watu wa magofu. Tulikwenda kwenye ngome iliyoko juu ya mji, ambako kuna jiwe moja kubwa kama darasa, na alilizunguka akilisemesha. Tulikwenda Pisac, ambako wamechonga mlima mzima kuwa matuta. Aliyasifu matuta yale, akasema bwana shamba wa kwetu angeletwa hapa akae mwezi. Chini sokoni alimkuta bibi mmoja anauza viazi vya rangi zote, vyeusi, vyekundu, vya zambarau. Alivua kofia, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimiana wazee wa kwetu, akamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye." Yule bibi akajibu kwa Kikechua. Wakaendelea hivyo, kila mtu kwa lugha yake, wakishika kiazi hiki na kile. Alipomaliza alinieleza kwamba bibi analalamika viazi havikutoka vizuri msimu huu. Nilimuuliza amejuaje. Akasema mkulima hana habari nyingine.

Ila nilianza kuona kitu. Kila Sista wa Uvira aliposema kesho twende kwenye nyumba ya masista, Mwalimu Mkuu alikuwa na gofu lingine. Kulikuwa na hekalu moja ambalo ingekuwa aibu kulipita. Kulikuwa na mfereji wa maji. Mwishowe akasema lazima tufike Ollantaytambo, mji wa Wainka ambao bado watu wanaishi ndani yake. Barabara ya kwenda huko inapita mbele ya lango la masista. Sista wa Uvira alipunguza mwendo, akatuonyesha: kliniki ile, kanisa lile, chumba cha binti yako ni kile chenye dirisha la kijani. Mimi nilitazama. Mwalimu Mkuu aligeukia upande wa pili na kusifia mto.

Ollantaytambo ni mji wa kumfaa. Barabara ni vichochoro vya mawe, maji yanapita kando kwenye mifereji, na nyumba zimejengwa ndani ya kuta zilezile za zamani: unapita mlango mmoja wa mawe, unakuta ua, na familia kadhaa zinaishi humo pamoja, na kuku wao. Tulipanga vyumba kwenye nyumba ya namna hiyo. Pembeni kuna mlima wenye ngome na ngazi ndefu zinazopanda wima. Aliziangalia ngazi hizo kama mtu anayeangalia mkwe asiyempenda, kisha akaanza kupanda, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaanza.

Alifika katikati. Akafanya kosa la kugeuka nyuma. Nilisikia mwavuli ukianguka, nikamkuta amekaa kwenye ngazi, ameshika jiwe kwa mikono miwili, macho kayafumba. Watu walitupita juu na chini. Nilikaa karibu naye. Kwa kuwa hakuweza kwenda popote, nikaona hapa ndipo pa kumuuliza. Nikamwambia kwamba magofu yamekwisha. Akasema yapo mengine, kuna Machu Picchu. Nikamwambia, Mwalimu, binti yako anakungoja, na usipompa neno anafunga mizigo.

Nilidhani atasema anamtaka mtoto arudi, anataka wajukuu, nyumba ni tupu. Nilikuwa na majibu ya hayo yote.

"Hakuna aliyekuja kuniomba," alisema, bado amefumba macho. "Mtoto wa mtu huombwa. Hata maskini wa mwisho pale Makere akitaka kuoa, anatafuta mshenga, anakuja na mtungi wa pombe ya rubisi, anakaa nje mpaka nimkaribishe. Hawa wamemchukua kama kuku aliyepotea. Nimeletewa simu. Mimi nitampa ruhusa nani?"

Kusema kweli nilitaka kucheka. Miaka yote hiyo watu wamesali ili moyo wake ulainike, masista wamemwandikia, paroko amemtembelea mara kadhaa, na kumbe alikuwa amekaa barazani kwake akingoja wageni wafuate utaratibu. Asingeweza kuwaambia. Baba wa binti hawafundishi wakwe namna ya kuja.

Tulishuka kwa makalio, ngazi moja moja, mimi mbele yeye nyuma, akinikumbusha kwamba haya hayatasimuliwa Kasulu. Nilipomfikisha chini nilimtafuta Sista wa Uvira na kumweleza. Mzungu angehitaji maelezo marefu. Yeye alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama yangu," alisema. "Kumbe ni ile tu? Kwetu pia ni vile. Miye nilisahau, juu ya kukaa huku sana."

Kesho yake alasiri walikuja. Mwalimu Mkuu nilikuwa nimemwambia tu kwamba kuna wageni. Alivaa suti, akaweka kiti chake ndani ya ua wa ile nyumba ya Wainka, mgongo ukielekea ukuta wa mawe, na kuanzia hapo ule ua ukawa Makere. Wenye nyumba walidhani kuna msiba, wakaleta mabenchi. Masista walisimama nje ya mlango wa mawe, wamejipanga kwenye kichochoro. Mbele alikuwa Mama Mkuu wao, mwanamke wa Peru wa makamo, mfupi, amebeba mwenyewe mtungi wa chicha, pombe yao ya mahindi, alioununua kwenye nyumba yenye mti mrefu uliofungwa plastiki nyekundu juu, alama kwamba leo humu imeiva. Nyuma kabisa, amejifunika mtandio, alikuwa Sista, rafiki yangu.

Mshenga nilikuwa mimi. Hapakuwa na mwingine. Sista wa Uvira alikuwa mtu wa upande wa waoaji na tena ndiye mkalimani. Nikasimama pale mlangoni na hijabu yangu, binti wa muuza vitenge, Mwislamu wa tangu babu, nikipiga hodi kwa niaba ya Kanisa Katoliki.

Mwalimu Mkuu alitutazama sana. Aliona mtungi. Aliona walivyosimama nje wakingoja. Niliona mkono wake unatafuta leso, kisha akajizuia na kukaza sura kama siku ya mitihani.

"Tangu lini mshenga akawa mwanamke?" aliuliza.

Nikamwambia kwamba waoaji nao wote ni wanawake, atuvumilie. Akafikiri, akasema tukae. Lakini mimi hakuniruhusu kukaa. Akaniuliza tumepita kufuata nini. Nikasema tumepita barabarani tukaona katika nyumba hii kuna mwanga, tukasema tuombe moto. Akasema moto upo kwa majirani pia, kwa nini kwake. Nikasema wa majirani tumeuona, huu ndio tuliofuata. Alinibana hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na naapa alikuwa anafurahia. Aliuliza huyo anayetaka kuoa ni mtu wa namna gani, mbona hajaja mwenyewe. Sista wa Uvira aliyatafsiri maneno hayo kwa Mama Mkuu, naye akajibu taratibu.

"Mama anasema hivi," alisema Sista wa Uvira. "Sisi tunakuya kwako na heshima. Tulikosa. Tungekuya mbele, hatukujua njia. Tuko naomba musamaha, na tuko naomba mutoto."

Hapo Mama Mkuu aliweka mtungi chini, akamimina kidogo ardhini, kama desturi yao inavyotaka, akajaza bilauri, akanywa yeye kwanza mbele ya macho yetu. Ndivyo na kwetu inavyofanywa, mwenye pombe huanza ili ijulikane ni salama. Hakuna aliyemwambia. Mwalimu Mkuu alikohoa. Alinigeukia, akasema polepole kwamba hawa watu wana adabu zao.

Lakini hakupokea bilauri. Alimwita binti yake mbele. Sista alikuja, akapiga magoti kwenye mawe, kichwa chini. Nami nilijua, na yeye alijua, kwamba swali linalofuata huulizwa kila msichana wa kwetu mbele ya watu, na akijibu hapana, hakuna wa kumlazimisha.

"Mama yako hayupo, kwa hiyo nauliza mimi peke yangu," alisema. "Hii pombe tuinywe, au tuimwage? Ukisema tuimwage tunamwaga sasa hivi, na kesho unaondoka na mimi, na hakuna atakayekuuliza kwa nini."

"Inyweni, Baba."

"Sijasikia."

"Inyweni, Baba," alisema tena, na sasa analia na kucheka pamoja.

Akaichukua bilauri, akainywa yote. Kisha akatoa leso na kutangaza kwamba bonde hili lina vumbi jingi.

Sista aliweka nadhiri zake. Machu Picchu hatukwenda. Nilimkumbusha, akasema picha ameziona.

Kasulu alirudi mtu mwingine na huyohuyo. Aliendelea kugonga kuta, ila sasa na tiketi ya ndege mkononi, akiwaonyesha mafundi. Habari za magofu alizimwaga kila kona, na kwenye ngazi za Ollantaytambo alijiongezea urefu wa kupanda. Akiulizwa kuhusu binti alijibu kwamba ameshamwoza. Waliomuuliza mkwe ni nani aliwaambia anafahamika. Kanisani, ambako zamani alikaa benchi la mbele na kumkazia macho paroko, alihamia nyuma kabisa karibu na mlango. Paroko alidhani amekasirika. Mwalimu Mkuu alimjibu kwamba kwa mila za kwetu Buha mtu hamsogelei mkwe hovyohovyo, na kwamba salamu zinafika hata akiwa nyuma.

Mimi alinibadilishia jina. Nilikuwa mtoto wa dukani tangu nizaliwe. Sasa alipopita sokoni aliniita Mshenga, mbele ya wateja, na akaanza kuingia dukani na kuketi.

Mwaka juzi Sista alipewa likizo, akaja. Baba yake alikuwa amechoka kwa maradhi, koti limekuwa kubwa mwilini, na mwavuli umegeuka mkongojo. Alimpokea kama anavyopokelewa binti aliyeolewa, mgeni wa heshima, akamchinjia kuku na kumkataza kufagia. Siku ya kuondoka tulimsindikiza stendi. Basi la Kigoma lilikuwa limewasha injini, vijana wa bodaboda wamezima pikipiki zao. Mwalimu Mkuu alimshika binti yake mkono, akamwambia kwa Kiha jambo ambalo akina baba wa kwetu huwaambia mabinti wanaorudi kwa waume zao, na kwa Kiswahili maana yake ni kwamba wakikutesa, rudi, nyumba ipo. Sista aliinama, akaiweka mikono ya baba yake kichwani kwake mpaka kondakta akamwita.

Basi likaondoka. Tulisimama tukiliangalia likipanda mlima. Nikamuuliza kama nimwitie bodaboda.

"Mshenga," alisema. "Kazi yako haiishi siku ya pombe. Unalijua hilo?"

Nikasema najua. Mshenga ndiye anayeitwa ndoa ikiingia shida.

"Mimi sitakuwepo. Ukisikia mtoto anaumwa, au wamemchoka, au analia tu hajui kwa nini, wewe ndiye wa kwenda kumchukua."

Nikamwambia nitakwenda. Akaniuliza kama njia bado naikumbuka. Nikaanza kumtajia: Kigoma, Dar, Addis Ababa, São Paulo, Lima, Cusco. Baada ya Cusco nikataja Pisac, na Ollantaytambo, kwa kuwa ndivyo tulivyopita. Alinikamata mkono, na vidole vyake vilikuwa bado na nguvu.

"Hapana," alisema. "Siku hiyo usipitie magofu. Nenda moja kwa moja."